Ahadi Iliyofichwa Stoo

"Mumeo anaingia stoo ananuka gundi, anatoka ananukia marashi."

Maneno hayo aliniletea wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba. Alishika shuka langu bichi kama mtu anayenisaidia, kumbe anatafuta pa kuanzia.

"Wifi, mimi umbea nimeacha," alisema. "Niliapa mbele yenu wote. Lakini huu si umbea. Hii ni taarifa."

"Taarifa ya nani?"

"Ya kaka yangu. Ni damu yangu, lakini wewe ni mwanamke mwenzangu. Watu wanasema ana mtu mle stoo."

"Mtu gani?"

"Mtu gani anamfanya mwanamume ajifungie mchana kweupe, halafu atoke kajipulizia marashi? Fundi bomba?"

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu ili aone sijali. Alipoondoka, nikajikuta nalianua lile shuka bichi na kulianika tena palepale. Maneno yalikuwa yameshaniingia. Nikipika, nayasikia. Nikifagia, nayasikia.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Kochi likichoka, likabonyea, likachanika, analivua lote na kulivika upya. Karakana yake iko mbele, upande wa barabara. Sisi tunaishi nyuma. Katikati ndiyo stoo. Mle ndani kuna sponji zilizopangwa mpaka karibu na dari, mabunda ya vitambaa, magunia ya vipande, na makopo ya gundi. Gundi yenyewe ni kali. Ukifungua kopo, macho yanawasha.

Watu wote wanamwita Fundi. Hata mimi namwita Fundi. Nikikasirika tu ndipo namwita Baba Watoto, na hapo anajua kuna kazi.

Watoto wetu wakubwa wana maisha yao. Nyumbani amebaki binti wa mwisho, tunamwita Kitinda. Yuko shule ya msingi. Mtoto huyu usingizi ukimkamata hachagui mahali. Nimewahi kumkuta amelala kwenye kochi la mteja, na nimewahi kumkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa, sare yote imejaa nyuzi. Shikeni hilo kichwani, maana ndilo linalonifanya niandike.

Sasa niwaeleze ahadi zenyewe.

Familia yetu ina mchezo wake. Mwaka ukifika mwisho tunakusanyika sebuleni. Tunakula, muziki unalia, watoto wanapasua maputo. Kisha Fundi analeta stuli yake ya kazini. Mtu mzima mmoja mmoja anapanda juu ya stuli na kutangaza jambo atakaloacha au atakaloanza. Tunampigia makofi. Lakini akishindwa, anapewa jina. Anaitwa Mwaka Jana. Jina hilo anakaa nalo mpaka sherehe nyingine.

Wifi ndiye aliyelianzisha, kwa utani tu, na sote tukalipenda. Mumewe, shemeji yangu kinyozi, ndiye aliyelivaa safari iliyopita. Aliahidi kuamka alfajiri kila siku na kukimbia. Alikimbia mara chache, mvua ikanyesha, akarudi kulala. Basi ikawa, "Mwaka Jana, nipe chumvi." "Mwaka Jana, sogea tupite." Hata wateja walijua. Mtu anakaa kwenye kiti cha kunyolewa na kusema, "Mwaka Jana, nipunguze pembeni." Aliyemtania kuliko wote alikuwa Fundi. Akimwona tu shemeji yake barabarani, anakimbia papo hapo alipo, miguu juu juu, mpaka watu wanashika mbavu.

Sherehe ya mwaka uliofuata, Kitinda alimletea baba yake puto. "Baba, lijaze liwe kubwa kuliko la shemeji yako."

Fundi alipuliza. Puto halikufika hata ukubwa wa ngumi. Kikohozi kilimkamata, akainama, macho yakamtoka machozi. Kitinda akalichukua puto lake pole pole na kumpelekea mtu mwingine. Nilimwona Fundi akimwangalia mtoto anavyoondoka.

Zamu yake ilipofika, alipanda stuli akavimba kifua. "Sigara basi! Soda basi! Kuchelewesha kazi za watu basi! Kuanzia kesho mnamwona mtu mwingine kabisa!"

Makofi yakalia. Jirani yetu muuguzi alikuwepo. Tunamwita Sista. Kochi lake lilikuwa karakana kwa muda mrefu likisubiri kitambaa.

"Fundi," alisema, "chagua moja."

"Sista, mimi si mtu wa moja moja."

"Basi anza na kochi langu."

Tulicheka wote. Wifi naye alipanda, akaapa kuacha umbea moja kwa moja. Mimi niliahidi kusoma kitabu kizima kila wiki. Elimu yangu ni ya msingi, na sikuwahi kumaliza kitabu tangu nitoke shule. Lakini ukiwa juu ya stuli, watu wanakutazama, kila kitu kinaonekana rahisi.

Asubuhi yake Fundi alitupa pakiti ya sigara jalalani. Siku za kwanza alikuwa mkali kama moto. Sindano ikianguka, anagomba. Kitinda akiimba, anagomba. Kisha ghafla akatulia. Akawa mchangamfu. Akaanza kunukia marashi. Nami nikasema moyoni, sigara imeondoka, mtu amejipenda tena.

Ndipo wifi akaja na taarifa yake.

Baada ya hapo sikuwa na amani. Nilinusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Nilitazama mlango wa stoo kuliko nilivyotazama sufuria. Jioni moja wakati wa kula nilimuuliza, "Fundi, stoo siku hizi kuna nini?"

"Sponji."

"Na nini tena?"

"Sponji nyingine."

Alikula haraka akanyanyuka. Hakunitazama usoni. Mtu ambaye nimeishi naye miaka yote hii, nikamwona kama mgeni aliyekuja kuulizia njia.

Siku moja alasiri nilimpelekea chai. Redio ilikuwa ikiongea peke yake karakana. Kochi la Sista lilikuwa mifupa mitupu, halina hata kitambaa. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Niliweka chai chini. Stoo ina mlango wa pili wa kutokea uani, na kitasa chake ni kibovu. Ukiusukuma unafunguka. Nilizunguka. Nilikaza roho nikasikiliza. Nilisikia mtu anakohoa huku anajiziba mdomo.

Nikasukuma.

Hakukuwa na mwanamke. Fundi alikuwa amechuchumaa kati ya sponji na gunia la vipande vya vitambaa, sigara vidoleni, chupa ya marashi karibu na goti. Pembeni yake kopo la gundi lilikuwa wazi.

"Baba Watoto!"

Alishtuka. Akarudisha mkono nyuma kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Niko peke yangu!" alisema.

"Naona."

"Nilikuwa natafuta mkasi."

Lakini mkono wake uliporudi mbele haukuwa na kitu. Sigara ilikuwa imeanguka. Wote wawili tuliona moshi mwembamba ukitoka ndani ya gunia. Nikainua macho kutafuta cha kuzimia moto, na hapo nikaona mguu. Juu kabisa, kwenye sponji karibu na dari, mguu mdogo wenye soksi ya shule.

"Kitinda!"

Fundi alitazama juu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakuwa anajua. Mtoto alikuwa amepitia mlango mbovu, akapanda, akalala, naye baba akaja kuvutia sigara chini yake.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka nilimvuta Kitinda kwa sare na kuanguka naye nje. Nyuma yangu gunia lilishika moto. Fundi alilikamata kwa mkono mtupu, akaliburuta, akalipitisha jirani na lile kopo la gundi lililokuwa wazi, mpaka uani. Ndani ya gunia kulikuwa na vipande vya sponji pia. Vilipopata upepo, moto ulisimama mrefu kuliko mtu. Moshi mzito, mweusi, unaokaba koo. Fundi alimwaga mchanga, akamwaga tena, mpaka moto ukafa.

Tulibaki tunatazama lile jivu linalonata. Gunia moja tu lilikuwa limefanya vile. Mle stoo mlikuwa mmejaa mpaka dari.

"Baba," alisema Kitinda akipikicha macho, "mbona umechoma gunia?"

Fundi alikaa chini kwenye mchanga.

Wifi alifika mbio, dawa ya meno mkononi. "Mkono! Mkono wake! Tumpake haraka, inapoza!"

"Usimpake kitu!" Ilikuwa sauti ya Sista, anaingia uani. Alikuwa amekuja kuulizia kochi lake. "Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Maji safi ya bomba, yamwagike juu ya mkono."

Tulimpeleka Fundi bombani. Alitaka kuutoa mkono mapema.

"Bado," alisema Sista. "Moto umeondoka lakini joto bado liko ndani ya ngozi. Kaa hapo hapo."

Tulikaa pale muda wa dakika ishirini, maji yanatiririka, nami nikawaeleza nilichokikuta stoo: sigara, gunia, na Kitinda amelala juu. Kisha Sista akamfunika jeraha kwa kitambaa safi, akamwambia lazima afike zahanati mkono uangaliwe. Kitinda nilikuwa nimempakata, mkubwa vile, miguu inafika chini. Sikuweza kumwachia.

Wifi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Kumbe mtu mwenyewe ni sigara!"

"Mtu gani?" aliuliza Sista.

"Watu walisema kaka ana mwanamke stoo."

Fundi aliinamisha kichwa. "Najua walivyosema. Nilisikia."

Nilimgeukia. "Ulisikia? Na ukanyamaza? Mimi nanusa mashati, silali, nawe umesikia?"

"Nilisikia, mke wangu. Nikasema, bora waseme nina mwanamke kuliko waniite Mwaka Jana."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia. Wifi alianza kucheka, akaacha. Mikono yake ilibaki imeshika ile dawa ya meno.

"Nilijaribu," alisema Fundi. "Haki ya nani nilijaribu. Siku za mwanzo nilidhani kichwa kitapasuka. Nikasema nivute moja tu. Nikavuta. Nikasema, basi, nimeshavunja, nimekwisha, sasa kazi ni kuficha. Nyumbani mke yupo. Barabarani shemeji yupo, na yeye angeniimba mpaka mtaa wa pili. Hapakubaki mahali ila stoo."

"Mbona hukuja kwangu?" aliuliza Sista. "Kila siku tunapishana hapa."

"Ungenicheka."

"Mimi?"

"Wote mlicheka siku ile."

Tulitazama chini.

Sista alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Sikilizeni," alisema. "Sherehe haina kosa. Mwaka ukiisha, au siku yako ya kuzaliwa ikifika, mtu anasimama kidogo. Anajitazama. Anajiuliza, niko wapi, nataka kwenda wapi? Hilo ni jambo zuri sana. Siku za kawaida hatujiulizi, tuna haraka. Kosa lenu ni stuli."

"Stuli ina nini?" aliuliza wifi.

"Ukiwa juu ya stuli unaahidi ili upigiwe makofi. Unataja kubwa, unataja nyingi. Kesho yake makofi yameisha, uko peke yako na hamu ya sigara. Fundi, ulisema utakuwa mtu mwingine. Haya, hamu ikikushika baada ya chai, huyo mtu mwingine anafanya nini?"

Fundi alifikiri. "Sikupanga."

"Ndiyo hapo. Hamu huwa inakushika saa ngapi?"

"Baada ya chai. Na nikimaliza kazi. Nikigonga msumari wa mwisho, mkono wenyewe unakwenda mfukoni."

"Basi umeshajua mlango inaoingilia. Hamu ya sigara huwa inakuja kwa nguvu, lakini ukiivumilia dakika chache inapungua. Zile dakika ndizo za kupangia. Baada ya chai, simama, nenda ukanywe maji. Ukigonga msumari wa mwisho, toka nje, tembea mpaka kona na urudi. Ukae na kitu cha kutafuna. Na uje zahanati. Tuna watu wa kukaa nawe na kukushauri, na wapo wanaohitaji dawa ya kuwasaidia. Si aibu. Sigara inashika mwili, si tabia peke yake."

"Na nikivuta tena?"

"Ukivuta moja, umevuta moja. Hujarudi mwanzo. Watu wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Unasema, 'Leo nimeteleza.' Unatazama uliteleza wapi. Unaendelea. Kinachoua ni kuficha. Leo kingewaua wawili."

Mikono yangu ilimbana Kitinda. "Mama, unaniumiza," alisema.

"Soda na kazi za watu je?" aliuliza Fundi.

"Ziache kwanza. Jambo moja. Likishakaa vizuri, sherehe nyingine unachukua la pili. Mwaka una sherehe nyingi. Kwa nini mnasubiri ule usiku mmoja wenye kelele, moshi na vinywaji? Chagueni siku tulivu."

Kitinda aliinua kichwa. "Siku yangu ya kuzaliwa imekaribia."

Fundi alimtazama mtoto wake. "Basi siku yako," alisema.

Hakupanda stuli. Alisema pale pale mchangani, kwa sauti ndogo. Na mimi niliisikia vizuri kuliko ile ya makofi.

Siku zilizofuata tulijiandaa. Kitasa cha mlango kilitengenezwa. Gundi ilihamishiwa kwenye sanduku la chuma nje, mbali na jua, vifuniko vimekazwa. Fundi alimwambia kila mteja, "Hapa hakuna kuvuta." Alipomaliza kusema akaongeza, "Hata mimi." Nyumba nzima tulitafuta viberiti na vyombo vya majivu. Tulivikuta hata ndani ya mto wa kochi. Alikwenda zahanati, akarudi na karatasi ya siku za kurudi, akaibandika ukutani hadharani, karibu na mikasi yake.

Siku ya Kitinda tulifanya sherehe ndogo. Keki, chai, basi. Kabla ya keki, Kitinda alimpa baba yake pakiti ya sigara iliyobaki, akafungua pipa la taka, na Fundi akaitupa. Hakuna aliyepiga makofi. Wifi alinyanyua mikono, nikamwangalia, akaishusha.

"Sasa nimpigie nini?" alininong'oneza.

"Mpe maji."

Haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Fundi alitembea mpaka kona na kurudi mara nyingi hata wenye duka wakamuuliza kama kapoteza kitu. Alitafuna karoti kama sungura. Alikuwa mkali tena, ila safari hii tulijua ukali unatoka wapi. Kitinda alikuwa akimwambia, "Baba, kanywe maji," naye anakwenda, shingo upande, lakini anakwenda.

Kisha ikaja sherehe ya wifi na shemeji, siku ya kukumbuka ndoa yao. Muziki, watu, marafiki wa zamani wa karakana. Jioni Fundi alinifuata jikoni. Alisimama karibu na sinki, uso umemshuka.

"Nimevuta moja," alisema.

Lile jina lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa pale, tayari, limezoea kutoka. Nililimeza.

"Ilikuwaje?" niliuliza.

"Rafiki yangu alinipa. Mkono ukapokea kabla sijafikiri."

"Twende tukatembee mpaka kona."

Shemeji kinyozi alituona tukitoka. "Mnakwenda wapi?"

Fundi alisita. Kisha akamwambia. Shemeji alikuwa na haki yake ya kulipiza. Mtu huyu alikuwa amedhihakiwa kwa zile mbio za utani mtaani mwaka mzima.

Shemeji alimwangalia. "Ngoja nivae viatu," alisema. "Na mimi kukimbia kulinishinda. Labda kutembea nitaweza."

Wakaenda wawili. Tangu siku ile wanatembea pamoja kila jioni, shemeji akishafunga saluni yake. Fundi hajaniambia tena, "Nimevuta moja." Nami huwa namuuliza waziwazi, naye ananijibu waziwazi. Mashati sinusi tena.

Na sisi wengine tulikata ahadi zetu zikawa za saizi yetu. Mimi niliacha kitabu kwa wiki. Nasoma ukurasa mmoja baada ya kuosha vyombo, Kitinda akiwa pembeni. Neno likinishinda, ananisaidia. Vitabu viwili nimemaliza. Wifi naye alisema kuacha umbea moja kwa moja kungemuua. Sasa anajiuliza kwanza, "Je, nimeona mwenyewe?" Kama hajaona, anameza. Siku nyingine unamwona amesimama mlangoni, mdomo wazi, kisha anageuka na kurudi kwake. Tunajua amemeza.

Mwaka uliisha tena. Tulikusanyika sebuleni. Stuli ilibaki karakana. Tulikaa chini, kila mmoja akasema alipofika na panapomshinda. Aliyeshindwa hakuitwa jina. Aliulizwa, "Tukusaidie nini?" Ilikuwa ngeni. Mara ya kwanza tuliangaliana kama watu waliokosea nyumba. Kisha watu wakaanza kusema mambo ambayo miaka yote hayakusemwa.

Sista alikuwepo, amekalia kochi lake mwenyewe. Lilikuwa limekwisha, kitambaa cha kijani, misumari imepangwa vizuri. Ahadi ya pili ya Fundi. Fundi mwenyewe alikuwa amelileta mpaka sebuleni kwa sababu alitaka watu waone.

Kitinda alileta puto. Hakumwendea mtu mwingine. Alisimama mbele ya baba yake.

Fundi alipuliza. Puto likafika ngumi. Likapita ngumi. Likawa kubwa kama kichwa cha Kitinda, likazidi. Alishusha pumzi, akavuta nyingine. Hakukohoa. Wifi alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu.

"Baba, basi!" Kitinda alipiga kelele. "Basi, litapasuka!"

Nawaandikia nyinyi wenye familia na sherehe zenu. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usiahidi mambo mengi kwa pamoja. Chukua moja.

Usiahidi kwa ajili ya makofi.

Usiseme "nitaacha" bila kupanga utafanya nini hamu ikija.

Usianze siku ya kelele na vishawishi. Tafuta siku tulivu.

Usisubiri mwisho wa mwaka tu. Kila sherehe ya nyumbani ni mahali pa kujitazama.

Ukiteleza, usifiche. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo.

Usiende peke yako kama mwili umeshikwa. Nenda zahanati.

Usimpe mtu jina la kosa lake, hata kwa utani.

Usivute sigara karibu na gundi, sponji au vitambaa. Usiache kopo la gundi wazi.

Usipake dawa ya meno kwenye jeraha la moto. Tumia maji safi, kisha nenda ukaonwe.

Usiamini maneno ya stoo kabla ya kufungua mlango.

Na kabla hujafunga mlango wowote, usiache kutazama mtoto yuko wapi.